Muuza Chai na Kofia ya Reuben

Halmashauri ya mji inataka kuweka jiwe kwenye ukuta wa makumbusho, lenye maneno ya kumsifu marehemu Obadiah Thirkell, muuza chai. Karani wao alikuja kwangu, maana tuliomjua tumebaki wachache. Alikunywa chai yangu, akauliza, akaandika alichokitaka, akaenda zake. Yaliyobaki chini ya kikombe ndiyo haya.

Mimi ni Jabez Noakes, seremala. Mke wangu Keziah nimemzika mwezi uliopita. Bila yeye nisingekuwa na la kusema juu ya Thirkell, isipokuwa kwamba alikuwa mtu mwema. Na alikuwa mtu mwema. Hapo ndipo penye uchungu.

Alizaliwa nyuma ya duka la baba yake, upande wa kusini wa mto, London hii hii. Siku zile kunywa chai ilikuwa kunywa usichokijua. Majani yaliyokwisha kuchemshwa yalinunuliwa kwenye milango ya nyuma ya mahoteli, yakakaushwa, yakatiwa rangi, yakarudi dukani yaking'aa kama mapya. Wengine walichanganya na majani ya vichaka vya uani. Baba yake alifanya kama wenzake.

Obadiah alipopata akili akakataa kusimama dukani.

"Sasa utauza nini wewe?" baba yake akamuuliza. "Hewa?"

"Nitauza chai, Baba."

"Na hii ni nini?"

"Hii ni rangi."

Baba yake hakumpiga. Walikuwa watu wa Marafiki, lile kanisa la kukaa kimya, na wale hawapigi. Aliacha tu kusema naye. Watu wale wakikunyamazia, unatamani ungepigwa.

Mzee alipofariki, Obadiah akalishika duka. Akaanza kufunga chai kwenye pakiti, karatasi ya madini ya risasi ndani, lakiri nyekundu, ile nta ya kufungia barua, juu. Kwenye lakiri aligonga muhuri wake: Thirkell, na chini yake, Hakuna Kingine. Wenye maduka walimcheka. Nani atanunua chai asiyoweza kuiingizia mkono na kuinusa? Lakini wake za watu walionja, wakarudi, wakaja na dada zao. Baada ya muda ana ghala kando ya mto, kisha maghala mawili, kisha nyumba juu ya kilima yenye vyumba ambavyo hakujua avifanyie nini, maana hakuoa.

Marafiki hawaapi. Hata mahakamani, hata wakishikiwa Biblia mbele ya pua. Wanasema mtu akiapa leo ina maana jana alikuwa anadanganya. Thirkell akisema ndiyo, ni ndiyo. Nimeona manahodha wakubwa wakimwachia shehena nzima kwa neno moja, bila karatasi. Mji wote ulijua hivyo, kama tunavyojua mto unaelekea wapi.

Makumbusho yalianza na kiatu. Sanduku la chai kutoka Uchina lilifunguliwa ghalani, na ndani ya majani kukawa na kiatu cha mtoto, cha kitambaa, kimeshonwa samaki mdogo mbele. Mmoja pale alitaka kukitupa motoni. Thirkell akakichukua.

"Kiko upande mmoja tu," alisema. "Kuna mama huko anakitafuta hiki."

Akakiweka mezani kwake. Manahodha wakakiona, wakadhani mzee anapenda vitu vya ng'ambo, wakaanza kumletea. Ngoma, vinyago, ndege waliokaushwa, mkuki, kobe mkubwa kama beseni la kufulia. Yeye hakuwahi kupanda meli hata moja. Maji yalimtisha. Dunia ikawa inamjia kwa masanduku, akaipa vile vyumba alivyokosa la kuvifanyia.

Keziah alikuwa mtumishi pale, kazi yake kufuta vumbi. Mimi niliitwa kutengeneza rafu. Siku ya kwanza alinisimamisha kwenye ngazi.

"Wewe ndiye seremala?"

"Ndiye."

"Basi yule kinyago mwenye meno mtengenezee rafu yake mbali na mlango wangu. Jana nimemgeuza atazame ukuta."

"Kakufanya nini?"

"Ananitazama kama mama mkwe."

"Una mama mkwe?"

"Sina. Ndiyo maana bado nacheka."

Nikamtengenezea rafu. Mama yangu alikuwa amekwisha kufa, nikamwambia hivyo, ndiyo ikawa posa yangu.

Tulipata mtoto mmoja, Reuben. Alitoka tumboni na utando umemfunika kichwa hadi machoni. Sisi tunauita kofia. Mama mzalishaji aliubandua taratibu, akautandaza kwenye karatasi ukauke, akamwambia Keziah, "Huyu hazami."

Wenye pwani na wenye bandari wote wanalijua hili. Aliyezaliwa na kofia, maji hayamtaki, mradi kofia iwe yake. Anaweza kuitoa kwa moyo wake, na aliyepewa atalindwa. Lakini ikiibwa, ni ngozi tu. Na mwenyewe akifa, izikwe naye, la sivyo hatulii. Mabaharia wanazitafuta kote bandarini. Keziah hakutaka hata kusikia bei. Alishona kifuko cha turubai, akakitia humo.

Jambo jingine. Watoto wenye kofia hawafundishwi kuogelea. Cha nini? Wenzake Reuben walijifunza kwenye matope ya mto, yeye akikaa ukingoni anawatupia mawe.

Akaenda baharini, kama ilivyotarajiwa. Akiwa nchi kavu, kifuko kilikuwa kwenye droo ya Keziah. Akipanda meli, kilikuwa shingoni mwake. Alienda Uchina akarudi, akaenda tena akarudi, mrefu kuliko mimi, na kicheko cha mama yake.

Wakati huo Thirkell aliazimia kuigeuza nyumba yake iwe makumbusho ya watu wote. Mtu wa mtaa wetu, alisema, hana nauli ya kwenda popote, basi aione dunia bila kiingilio. Nami nikaajiriwa kutengeneza makabati ya kioo. Akapata wazo kwamba pasiwe na vitu vya ng'ambo tu. Akaanza kukusanya vya kwetu. Shanga za buluu wanazovaa watoto kuzuia kifua. Jiwe lenye tundu la kutundika bandani farasi wasipagawe. Kiazi kikavu ambacho mzee mmoja alikibeba mfukoni kwa ajili ya baridi yabisi.

Siku moja akaja jikoni. Hakuwa mtu wa kuita watumishi, alikuja mwenyewe, na alituita kwa majina yetu kama Marafiki wanavyoitana.

"Keziah, nasikia mwanao ana kofia."

"Anayo."

"Unaweza kuniazima kwa siku ya ufunguzi? Waheshimiwa watakuja, nataka waone na vya watu wetu."

Keziah aliendelea kumenya viazi. "Meli yake inapakia. Akiondoka anaondoka nayo."

"Kabla hajapanda meli utakuwa nayo mkononi."

"Ndiyo?"

"Ndiyo."

Jioni Reuben aliposikia alicheka. "Mpe mzee, Mama. Acha itazamwe na mabibi wenye miavuli. Mimi mwenyewe hawanitazami."

"Ungeoga wangekutazama," mama yake akamwambia.

Nilikula mkate wangu na mafuta ya nguruwe. Hakuna mtu mtaa ule ambaye angemwomba Thirkell karatasi. Ungeonekana umechanganyikiwa.

Kabati lile nililitengeneza kwa mwaloni. Parafujo za shaba, nazo nikazizamisha ndani ya mbao, na kioo nikakipakia gundi ya madirisha pande zote nondo wasiingie. Thirkell akaja na mshumaa na lakiri, akagonga muhuri wake juu ya kila parafujo. Kofia ya mwanangu ilikuwa ndani, imetandazwa juu ya mahameli meusi, nyembamba kama ganda la kitunguu.

Siku ya ufunguzi mtaa mzima ulipanda kilima. Waliovaa viatu na wasiovaa. Bendi ilipiga, ingawa Marafiki hawapendi bendi, halmashauri ililazimisha. Thirkell akasimama kwenye ngazi na kofia yake pana kichwani, maana Marafiki hawamvulii mtu. Hakujua kuhutubia. Alisema hana mke wala mtoto. Alisema amekuwa akitafuta wa kumwachia, na sasa amempata, ni sisi.

"Kila kilichomo ndani ya nyumba hii," alisema, "kuanzia leo ni chenu. Kila kitu, mpaka pini ya mwisho. Sitatoa kitu humo, wala mtu mwingine hatatoa, maadamu kuta zimesimama."

Watu walishangilia hadi farasi wakashtuka. Keziah akanishika mkono wa koti.

"Kasema kila kitu?"

"Hotuba hiyo. Anasema tu."

"Yule hasemi tu, Jabez."

Meli ya Reuben ilipokaribia kuondoka tulikwenda wote wawili. Thirkell alikuwa kwenye chumba chake kidogo kando ya mlango, ndicho pekee alichojibakizia. Kile kiatu cha samaki hakikuwa mezani tena, nacho kilishaingia kabatini.

Keziah alisimama. "Nimekuja kuchukua kofia."

Thirkell akaangalia chini kwa muda mrefu. Tulizoea kimya chake, lakini hiki hakikuwa kile.

"Nilisahau," akasema. "Nilipokuwa kwenye ngazi. Niliona watu wengi vile, nikasahau."

"Si kitu. Jabez ana bisibisi."

"Keziah, nimewapa watu. Nimesema mbele yao wote kwamba hakitatoka kitu."

"Kwangu ulisema nini?"

"Ndiyo. Nililisema na hilo."

"Basi?"

"Nikitoa kimoja leo, kesho nani mwingine ataomba chake? Kila aliyenipa kitu atakuja. Neno nililowapa watu wote litakuwa na tundu."

"La kwangu tayari lina tundu."

Nilimwona anateseka. Ningependa kuandika kwamba alikuwa na jiwe moyoni, ingenirahisishia. Akajaribu njia nyingine.

"Keziah, wewe una akili. Ni kipande cha ngozi kavu. Hakiwezi kumzuia mtu kuzama. Aliye na uwezo huo ni Mungu."

"Kama si kitu," Keziah akasema, "mbona umekifungia kioo?"

Tukatoka. Nyumbani nilichukua bisibisi na patasi nikavitia mfukoni. Parafujo zile nilizifunga mimi, nilijua nitakavyozifungua. Keziah alikuwa anakaanga samaki. Hakugeuka.

"Rudisha hizo."

"Nusu saa tu, mama Reuben."

"Ya wizi haifanyi kazi. Unajua. Nimpe mwanangu ngozi tupu shingoni, aende akijiamini?"

Nikarudisha. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Hakuna ambaye angeweza kutupa ila yule mmoja, kwa moyo wake, na yule mmoja alikuwa anashika neno.

Siku ya pili Thirkell alileta kitu. Alikuja kwa miguu, amekibeba mwenyewe. Lilikuwa koti la kuelea, lile la turubai lililoshonewa vipande vya gome jepesi. La bora kabisa, alilinunua kwa wauza vifaa vya meli. Aliliweka kwenye kiti, akatikisa kichwa, akaondoka.

Reuben alilivaa akacheza nalo jikoni. "Nimekuwa sanduku la chai! Nipigeni lakiri!" Mama yake hakucheka. Akamshika uso.

"Livae, unasikia? Bahari ikichafuka tu, livae."

"Mama, kofia ni yangu. Iwe shingoni, iwe kabatini, ni yangu. Maji yanajua?"

"Livae."

"Nitalivaa."

Alikwenda. Tulisimama gatini, mimi na Keziah, na yule mvulana anapunga mkono, koti la kuelea kichwani mwake, kama mwehu, wenzake wakimzomea. "Reuben kabeba nyumba! Reuben anahama!" Ndiyo mara ya mwisho.

Habari zilikuja wakati wa baridi. Meli ilivunjikia mbali, nje ya Java, ikiwa imejaa chai. Chai ya Thirkell nusu yake. Kwa muda hatukujua aliyepona. Kisha mpishi wa meli ile akaja mlangoni kwetu, mzee aitwaye Tozer, hana meno, amebeba koti la kuelea.

Alikaa karibu na moto. Keziah akampa supu. Alilishika tu bakuli.

"Meli ililala ubavu," alisema. "Alikuwa amelivaa, mama. Nisidanganye, alikuwa amelivaa. Mimi nilikuwa nimekumbatia mlango wa jiko nalia kama mtoto. Akalivua akanivalisha. Nikamwambia, na wewe je, kijana? Akasema, 'Vaa, babu. Mimi nilizaliwa na langu.'"

Akaliweka koti mezani.

"Alikuwa anacheka," alisema. "Sijui kama inawasaidia."

Haikutusaidia. Nimelipima jambo hili miaka yote. Kama angekuwa na kofia, angepona? Sijui. Kama kusingekuwa na kofia tangu mwanzo, angejua kuogelea, angebaki na koti lake. Thirkell alimpa kitu cha kumwokoa, nasi tulikuwa tumempa cha kumfanya asikihitaji. Mizani yangu haisimami upande wowote. Keziah hakupima. Alisema tu, "Aliniambia ndiyo."

Thirkell alikuja. Alikaa jikoni kwetu na kofia yake pana kichwani, mikono juu ya magoti, kimya, kama wanavyokaa kanisani kwao. Alikaa mpaka moto ukapungua. Kisha akainuka akaenda. Wengine wangemwita baridi. Mimi nilijua kwamba kwa watu wale hicho ndicho kilio. Lakini Keziah hakuwa wa kanisa lile. Yeye alitaka maneno.

Nilidhani ataacha kazi. Hakuacha. Makumbusho yalipohitaji mfagiaji, akaomba yeye. Kila asubuhi kabla ya kufungua alifagia kumbi zote, akamaliza kwa kabati lile. Alikifuta kioo kwa kitambaa laini ambacho hakukitumia kwingine. Alikuwa anamsemesha. Nilimsikia mara moja nilipokwenda kurekebisha bawaba.

"Jana mvua ilinyesha tena. Baba yako kikohozi kile kile. Kuna kijana kavunja mkia wa kobe, atakiona."

Nikasubiri nje mpaka anyamaze.

Watu walikuja kutazama, wakacheka. Bibi mmoja alimwambia mwenzake, "Hebu ona, wanaamini hii!" Keziah akiwa nyuma yao na ufagio.

"Kumeandikwa nini pale chini?" aliniuliza siku ile. Kulikuwa na kikaratasi mbele ya kofia. Sikujua kusoma, wala yeye.

Marafiki walikuwa na shule ya Jumapili ya watu wazima, ya bure, kwa vibarua na maseremala. Nikaenda. Mwalimu wa darasa letu alikuwa Thirkell mwenyewe. Alikuwa mvumilivu kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Alinishika mkono wangu huu mzito akauongoza juu ya herufi. Nikikosea hakuguna. Hatukuzungumza kamwe juu ya lile. Nilipoweza kusoma mstari mzima, niliondoka darasani nikaenda moja kwa moja makumbusho, nikasimama mbele ya kabati nililolitengeneza.

Kikaratasi kilisema: Utando wa mtoto mchanga. Huaminiwa na watu wajinga wa tabaka la chini, London, kuwa huzuia kuzama.

Keziah alikuwa ananitazama. Nikamsomea.

"Hakuna jina lake?"

"Hakuna."

"Hakuna la kwangu?"

"Hakuna. Ni watu wajinga tu."

Akakikunja kile kitambaa chake mara nyingi mpaka kikawa kidogo. "Vizuri," akasema. "Basi hawajui ni ya nani. Najua mimi."

Thirkell alizeeka kabla yetu. Alikufa kwenye kile chumba kidogo kando ya mlango, amezungukwa na vitu ambavyo havikuwa vyake tena. Karibu na mwisho alimwita Keziah. Alikwenda na ufagio mkononi.

"Keziah," akamwambia, "kuna jambo."

"Nasikia."

Keziah akasubiri. Thirkell akatazama dirisha.

"Fungua kidogo," akasema. "Hewa nzito."

Akafungua. Ndiyo yote. Kesho yake akafa. Mji wote ulikwenda mazishi, na sisi tulikwenda.

Miaka ikapita juu ya hapo. Keziah alifagia mpaka mgongo ukakataa, kisha akawa anakwenda kama mgeni, nikimshika mkono kupanda kilima, na mfuko wake una kile kitambaa. Walinzi walimzoea. "Bibi kaja kumfuta bwana wake," walisema. Alifuta, tukarudi.

Mwaka huu kifua kilimwangusha. Alipojua hataamka, alinivuta karibu.

"Reuben hana kaburi," alisema. "Kofia yake haina pa kulala. Niwekee mimi mkononi. Nitampelekea."

"Nitaomba."

"Usiombe sana. Omba mara moja, kama mtu."

Akafa Jumapili. Jeneza nililitengeneza mwenyewe, sebuleni, yeye akiwa chumbani. Sikulifunga. Nilivaa shati safi nikapanda kilima.

Msimamizi wa makumbusho sasa ni mtu wa makamo aitwaye Lidgate, si mtu mbaya. Nilimkuta ukumbini amekunja mikono ya shati, watu wake wanahamisha makabati. Wanapanga upya. Nikamweleza. Niliomba mara moja, kama alivyosema. Nilikuwa nimekaza meno kusubiri hapana. Nimeijua hapana ya nyumba ile kuliko kitu chochote.

"Chukua, Mzee Noakes," akasema.

Nikafikiri sikusikia.

"Chukua tu. Kabati hili linashuka stoo, halmashauri haitaki tena mambo haya ya shanga na viazi. Hakuna atakayeuliza."

Hivyo tu. Bila mkutano, bila kuangalia chini. Alikuwa anatoa kama mtu anavyokupa njia mlangoni.

Nilitoa bisibisi. Nikapiga magoti, yakaniuma. Lakiri ile ilikuwa bado imeshika, muhuri unasomeka. Thirkell. Hakuna Kingine. Nilikuwa nimeshavunja ya kwanza na kutoa parafujo yake Lidgate alipochuchumaa karibu nami.

"Ngoja, mzee. Haki yako kujua. Si yenyewe."

"Si yenyewe nini?"

"Aliyenitangulia ndiye aliyeniambia. Ya kwanza iliharibika. Unyevu uliingia, mwaka ule ule baada ya ufunguzi, au uliofuata. Ikawa vumbi. Mzee Thirkell alifungua mwenyewe, akakuta hakuna kitu."

"Sasa hiki nini?"

"Kibofu cha nguruwe. Alimtuma mtu kwa muuza nyama. Alisema lazima pawe na kitu pale. Alikuwa amewaahidi watu kila kitu." Lidgate akajikuna shingo. "Akapiga lakiri upya. Nasikia hakula siku hiyo."

Nilikaa chini sakafuni. Nilikitazama. Cheupe, chembamba, juu ya mahameli. Mtu aliyekataa kuuza jani moja la uongo, hata kwa baba yake. Naye mke wangu alikuwa amekisemesha. Mvua, kikohozi changu, mkia wa kobe. Asubuhi zote zile.

"Lakini ukitaka kukichukua," Lidgate akasema, "kwa bibi kitakuwa ni kile kile. Hatajua."

Alisema kwa wema. Nilirudisha parafujo mahali pake nikaikaza.

"Mke wangu hakuwahi kuweka chai ya kuchanganya nyumbani," nikamwambia.

Nilirudi. Mkono wake nilikuwa nimeuacha wazi, vidole juu, tayari kupokea. Nilisimama pale. Nilifikiria lile koti la kuelea. Limetundikwa nyuma ya mlango wetu tangu Tozer alilete, Keziah hakuligusa hata siku moja, hata kulifuta vumbi, yeye aliyefuta vumbi la dunia nzima. Nikaliacha hapo. Nikavikunja vidole vyake kimoja kimoja mpaka vikawa ngumi, nikafunga jeneza.

Karani wa halmashauri alipokuja na maswali yake, la mwisho liliuliza kama marehemu Thirkell alikuwa mtu wa kushika neno.

"Ndiyo," nikasema.

Akaandika. Nimeliona jiwe lenyewe, limekwisha kuchongwa, bado liko chini limeegemea ukuta. Nilisoma herufi zote bila kukwama. Alinifundisha vizuri.